Jukwaa Lililokwenda Rodi Kopany

Jumanne moja ya mwezi wa pili, baada ya chai ya saa kumi, Odoyo alitandaza karatasi ya miraba juu ya meza ya kulia na kuiwekea pembeni vitu vinne ili isijikunje: kikombe, kopo la majani ya chai, Biblia ya mkewe, na simu yake aliyoilaza kifudifudi. Alichonga penseli kwa wembe, akaanza kuchora jukwaa la mbao. Lingejengwa nyuma ya nyumba yao hapa Awendo, lishikane na mlango wa jikoni, ili familia ipate mahali pa kukaa nje jioni badala ya kubanana sebuleni mbele ya televisheni.

Odoyo alikuwa mpimaji. Alipima mashamba ya miwa, na watu walijua kwamba akisema shamba ni ekari mbili na robo, hata ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga huweka silaha chini na kwenda nyumbani. Kila Ijumaa alipanda gari kwenda Rodi Kopany, ambako alisema pia kuna mashamba, na Jumapili jioni alirudi. Alirudi na shati lililopigwa pasi. Zilpah, mkewe kwa miaka kumi na saba sasa, aliliona hilo la pasi na hakuliuliza.

Jumanne hiyo Zilpah alikaa upande wa pili wa meza akitoa mawe kwenye ndengu. Alikuwa amemwona mumewe akichora mara nyingi, lakini si namna hii. Odoyo alivuta mstari, akaupuliza, akautazama, akatabasamu peke yake. Kisha alifumba macho, akakaa hivyo kitambo, akayafumbua na kuandika namba. Zilpah alishikwa na wivu. Hakukuwa na mtu pale wa kumwonea wivu, kwa hiyo aliionea wivu karatasi.

“Hapa,” Odoyo alisema bila kuinua kichwa, “jua la saa kumi na moja litazuiwa na paa. Aliyekaa kona hii halimpigi machoni.”

“Ni mimi nitakaa hapo?”

“Yeyote tu.” Penseli ilienda upande mwingine. “Na upepo wa ziwani utaingilia huku.”

“Ziwa gani, Baba Byron? Sisi tuko Awendo. Hapa kunanukia molasi tu.”

“Upepo hausimamishwi njiani,” alisema Odoyo.

Zilpah aliacha ndengu, akazunguka meza na kusimama nyuma ya bega lake. Nyumba yao ilikuwa na watu wanne: wao wawili, Byron wa miaka kumi na sita, na Damaris wa kumi na minne. Kwenye karatasi kulikuwa na viti vitatu. Upande mmoja kulikuwa na reli iliyofika gotini.

“Viti ni vitatu,” alisema.

“Watoto muda mwingi wanakuwa bodingi. Tutapokezana.”

“Na hii reli fupi?”

“Ya kuwekea kikombe.”

Zilpah alirudi kwenye ndengu zake. Zilikuwa tayari zimekwisha mawe, lakini alizichagua tena tangu mwanzo.

Fundi alikuwa Angwenyi, mtu wa Kisii mwenye karakana karibu na soko, ambaye hakuwa na maneno mengi. Alileta mbao za saiprasi zilizokauka vizuri na nguzo sita za mkaratusi. Miguu ya nguzo aliichovya kwenye oili chafu ili mchwa wasiisogelee, akaisimika kwa kokoto na simiti. Kati ya mbao na mbao aliacha nafasi ya unene wa msumari, maji ya mvua yapate pa kupitia. Kila asubuhi Odoyo alikuja na karatasi yake, akaangalia, akaenda kazini. Jioni alirudi na kupitisha kiganja juu ya mbao zilizopigwa randa, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Zilpah alimwona kupitia dirisha la jikoni. Sufuria ya sukuma wiki iliungua mara mbili wiki hiyo.

Jumatano ya wiki ya pili kazi ilikwisha. Ndipo ilipoonekana kwamba jukwaa lilikuwa juu kuliko kizingiti cha jikoni kwa shubiri moja na nusu. Tena nafasi ya kupitia haikukutana na mlango. Mtu akitoka jikoni alikutana na ile reli fupi na ilimbidi ainue mguu na kuiruka.

“Mzee, mimi nimefuata karatasi,” alisema Angwenyi.

Odoyo alitoa karatasi, akasoma namba zake moja moja, akazilinganisha na utepe wa kupimia. Zote zilikuwa sawasawa. Alitazama ukuta.

“Nyumba imezama kidogo,” alisema.

Kwa kuwa Odoyo hakuwahi kukosea hata inchi moja, wote walikubali kwamba nyumba ilikuwa imezama. Angwenyi aliweka tofali mbele ya mlango liwe ngazi. Zilpah alipanda tofali, akairuka reli, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha kona ile isiyopigwa na jua. Kilikuwa chembamba. Mbao za pande mbili zilimbana nyonga, akakaa nusu nje nusu ndani, akatazama jua. Lilikuwa usoni mwake.

Alhamisi asubuhi jukwaa lilikuwa limesogea hatua mbili kutoka ukutani, na nguzo zake zote sita na simiti yake. Angwenyi aliitwa. Aliweka pimamaji juu ya mbao, akainama, akafunga jicho moja.

“Liko sawa kabisa,” alisema. “Halijapinda. Limesogea tu.”

Alilifunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye kisiki. Odoyo alisimama pembeni, mikono mfukoni, akitazama upande ambao jukwaa lilikuwa limeelekea, kisha akaitazama simu yake. Ijumaa alifunga mkoba wake kama kawaida, akaenda Rodi Kopany.

Saa nne ya asubuhi hiyo Damaris, aliyekuwa nyumbani kwa sababu ya homa, aliingia jikoni.

“Mama, jukwaa limeenda.”

“Limefika wapi?”

“Limepita kwa kina Gesare. Wameanua nguo ili lipite.”

Zilpah alipunguza moto, akamwachia Damaris maagizo ya chakula na ufunguo, akachukua mkoba na mwavuli. Alilikuta jukwaa kwenye barabara ya lami, likivuta kisiki nyuma yake kwa kamba. Lilikwenda mwendo wa ng'ombe anayepelekwa mnadani. Malori ya miwa yalipunguza mwendo, yakalipita kwa uangalifu, na madereva wakainua mkono kumsalimu Zilpah kama mwenye mali. Alilifuata kwa miguu mpaka viatu vikaanza kumuumiza. Hapo alipanda juu, akakaa kwenye kile kiti chembamba, akafungua mwavuli.

Kabla ya kufika Rongo kulikuwa na kizuizi cha polisi. Ofisa alilizunguka jukwaa mara moja.

“Hili ni la nani?”

“Ni langu, afande.”

“Linaenda wapi?”

“Sijui bado.”

Ofisa aliangalia kile kisiki kilichokuwa kikiburutwa. Alimwambia kwamba mzigo wowote unaotokeza nyuma lazima uwe na kitambaa chekundu. Zilpah alikuwa na leso nyekundu kichwani. Aliivua, akaifunga kwenye kisiki, wakaruhusiwa kuendelea.

Alilala Rongo kwa binamu yake, ambaye alimpa uji na hakumuuliza mengi. Jumamosi asubuhi jukwaa halikuwapo mahali alipoliacha. Aliulizia mpaka saa nane, ndipo mwendeshaji boda boda aitwaye Otieno alipomwambia kwamba lilishika barabara ya Homa Bay alfajiri, na sasa lazima liwe karibu na Rodi, akampakia walifuate. Jumamosi hiyo ilikuwa mara ya kwanza Zilpah kukosa kanisa lake la Sabato tangu alipomzaa Damaris. Nyuma ya pikipiki alifikiri juu ya pasi. Alifikiri ni pasi ya umeme au ya makaa. Alifikiri ni mkono gani huishika, na kama mkono huo hunyunyiza maji kwa vidole au kwa kopo.

Walilikuta sokoni Rodi Kopany, likipita kati ya wauza viazi vitamu na wauza mitumba, ambao walivuta turubai zao pembeni. Liliacha soko, likashika njia ya murramu, likapita shule moja, likapita bomba la maji. Kisha lilipunguza mwendo. Mbele kulikuwa na nyumba ya mabati ya kijani iliyojengwa juu ya msingi mrefu wa mawe. Jukwaa liliizunguka, likageuka taratibu, likarudi kinyumenyume kama lori linaloingia ghalani, likasimama. Mbao zake zilikutana na kizingiti cha mlango wa jikoni bila kuacha nafasi hata ya unene wa ukucha. Upepo mwepesi wenye harufu ya ziwa ulipita juu yake, ukitokea upande uleule uliokuwa umechorwa.

Mlango ulikuwa wazi. Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi alitoka akikokota kijiko, akakanyaga mbao bila kutazama chini, na mkono wake ukaishika ile reli fupi. Ilikuwa kimo chake hasa.

Nyuma ya mtoto alikuja mwanamke mwembamba mwenye kanga ya manjano. Alimtazama Zilpah, akatazama jukwaa, akafuta mikono.

“Karibu, Mikayi,” alisema. Hilo ndilo jina analoitwa mke wa kwanza kwa Kijaluo, na alilitamka kwa heshima yote. “Mimi ni Lorine. Huyu ni Awino.”

“Baba yake yuko?”

“Anaoga.”

Zilpah alikaribishwa kiti cha plastiki lakini alibaki amesimama. Lorine alienda kukaa kwenye kona. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Ndiko miguu yake ilikompeleka. Kiti kilimpokea. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na jua likashuka nyuma ya paa na kukiacha kivuli kimelala usoni pake kama kitambaa kilichokatwa kwa kipimo chake.

Zilpah alikitazama kivuli kile. Kwamba kuna mwanamke alikuwa amekwisha kuhisi, miezi mingi nyuma, kwa yale mashati ya pasi. Kwamba kuna mtoto pia alikuwa amehisi, katika ile reli. Kwa hao wawili alikuwa amejiandaa njia nzima. Lakini kivuli hakuwa amekiandalia lolote. Ili mtu akichore kivuli kama hiki, lazima awe amekaa hapa jioni nyingi, akimtazama mwanamke huyu akikunja uso, akaamua moyoni kwamba uso ule usikunjwe tena.

Odoyo alitoka ndani, kikombe mkononi, shati limepigwa pasi. Alimwona mkewe. Aliliona jukwaa.

“Limefika,” alisema.

“Limefika,” alisema Zilpah. “Nyumba yangu haikuzama.”

“Hapana.”

“Ulijua unachora hapa?”

Odoyo aliweka kikombe juu ya reli, kisha akakiondoa kwa sababu ya mtoto. “Sikujua. Nakuapia, Mama Byron. Nilitaka kuwajengea nyinyi. Ila kila nilipotafuta kipimo nilifumba macho nione nyumbani, nikaandika nilichokiona.”

Awino aligonga mbao kwa kijiko.

“Heri ungedanganya,” alisema Zilpah. “Ungesema ulikusudia kuiba mbao. Ningekuelewa.”

Lorine aliinuka, akaleta chai na mandazi. Alimpa Zilpah kwanza, akipiga goti kidogo. Kisha alisimama na sinia tupu kifuani.

“Usifikiri mimi nina raha,” alisema. “Siku mbili yuko kwangu, siku tano yuko kwako. Hizo tano sili vizuri. Najiuliza umempikia nini. Najiuliza mnacheka nini. Wewe unajulikana kwao, mahari yako ilipelekwa. Siku akifa, wewe ndiye utakaa karibu na jeneza. Mimi nitaomba ruhusa kupita langoni.”

“Basi chukua jeneza,” alisema Zilpah. “Nipe hiyo kona.”

Lorine alitazama kona. Kwa muda ilionekana kama anapima moyoni. Kisha alitikisa kichwa.

“Hapana, Mikayi,” alisema taratibu. “Kona siwezi.”

Walikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi, na Zilpah aliionea wivu hiyo pia. Odoyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kati, ambacho kilimtosha, na mtoto alikuwa amekaa kwenye cha tatu. Vyote vitatu vilikuwa vimejaa.

“Nitakujengea lingine,” alisema Odoyo hatimaye. “Zuri kuliko hili.”

“Jua la jioni linaingilia wapi jikoni kwangu?”

Odoyo alifikiri. “Upande wa mwavokado.”

“Mwavokado tuliukata Damaris akiwa darasa la tatu. Kisiki chake ndicho hicho kimefungwa hapo nyuma.”

“Basi upande wa tangi.”

“Tangi liko mbele ya nyumba, Baba Byron.”

Hakujaribu mara ya tatu. Zilpah alimaliza chai, akashukuru, akafungua leso yake nyekundu kutoka kwenye kisiki na kuikung'uta vumbi. Lorine alimsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, akambebea mwavuli.

Wiki iliyofuata ami zake Odoyo waliketi Awendo, wakala kuku wawili na kusikiliza. Walisema mtoto ni wao na lazima atambuliwe. Walisema mke mkubwa ni mkubwa, na hilo halina mjadala. Kuhusu jukwaa walisema kitu kikishafika kilikokusudiwa hakiburutwi kurudi. Mmoja wao aliuliza kama lilipata mikwaruzo njiani, akaambiwa halikupata, akasifu kazi ya fundi. Hakuna aliyesema kwamba Odoyo aache kwenda Rodi. Zilpah, aliyekuwa akisubiri mlangoni na birika la maji ya kunawa, aliwamiminia mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa nne Odoyo alitimiza ahadi. Alimwita Angwenyi, akaleta utepe mpya, akaanza kupima mlango wa jikoni mwenyewe, macho wazi, Zilpah akishika ncha ya chini. Utepe ulisoma futi saba kasoro inchi moja. Hicho kilikuwa kipimo cha mlango wa Rodi. Odoyo alifuta jasho, akapima tena, Zilpah akibana ncha kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Futi saba kasoro inchi moja. Alipima kizingiti, ukuta, dirisha. Kila alichopima cha nyumba hii kilitoa namba ya nyumba ile.

Angwenyi aliuchukua utepe uleule, akapima mlango. Futi sita na inchi saba.

“Utepe hauna shida,” alisema.

Odoyo aliandika namba zote mbili kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mzuri, akauliza watatumia ipi. Aliuliza kwa unyonge wa kweli. Zilpah alimtazama mtu huyu ambaye wilaya nzima ilimwamini kwa mipaka yake, akaona kwamba si mkaidi wala hafanyi mzaha. Hakuwa na namna nyingine ya kupima.

“Andika ya Angwenyi,” alisema. “Wewe shika ncha ya chini.”

Odoyo alichuchumaa, akashika ncha. Fundi alipima na kusoma kwa sauti, Zilpah akaandika. Alisema viti vinne. Alipoulizwa viwe vipana kiasi gani alikaa kwenye ubao, akamwambia fundi aweke alama pande zote mbili, naye fundi akageuza uso kwa adabu na kuweka alama.

Jukwaa hilo lilikamilika kabla ya mvua kuisha. Ni la chini, limeshikana na mlango vizuri, na mtu hutoka jikoni bila kuinua mguu. Byron husomea hapo akiwa likizoni. Damaris husukwa nywele hapo. Tangu lijengwe halijasogea hata inchi moja. Kila Ijumaa, saa mbili asubuhi, Odoyo hulivuka akiwa na mkoba wake, husimama kidogo kulisifu kwa uthabiti wake, kisha huteremka ngazi na kwenda Rodi.